Picha Zilizoondoka na Akaunti

Nasike,

Asubuhi hii ulitoa akaunti yako ya barua pepe kwa simu yangu, na picha zako zote zimeondoka nayo.

Maziwa yako kwa sufuria, uchemshe kwanza. Mama akiuliza, nimeenda Endebess kuangalia ile ng'ombe.

Sikukatazi. Akaunti ni yako, na hata simu ilikuwa yako kabla uniachie. Ulisema, "Baba, barua za kazi zinaingia hapo, si utafuta moja bila kujua?" Ni kweli. Lakini kila ulipopiga picha huko Bungoma, ilinifikia hapa Kitale. Sikuwa nakupeleleza. Wewe hupigi simu, bana, basi nilikuwa naangalia picha nikimaliza kukamua.

~~Usijisumbue kunitumia zingine.~~ Ukipata nafasi nitumie hata moja.

Ukienda steji kupanda gari la Bungoma, funga mlango wa nyuma, kuku wanaingia.

Nilizopoteza ni hizi: chumba chako kipya, ugali ulioungua, viatu vyekundu, na ile umekaa kitandani kama mtu aliyelia. Hiyo ya mwisho nilikuwa bado natafuta namna ya kukuuliza.

Baba