Tangazo la Msiba Lisilofika Kanyosha

Ijumaa

Bibi Zaina amefika Buyenzi kutoka kwake Kanyosha, kaburi la kaka yake limeshafukiwa. Hakupata tangazo.

Programu ya matangazo ya msiba niliiandika mimi, kwa lugha ya kompyuta ya Java. Ndani yake kulikuwa na mtumaji mmoja, yaani kipande cha kupeleka ujumbe, wa SMS. Jana nikaongeza wa WhatsApp, ikagoma kuwaka: imekuta watumaji wawili, haijui imchukue yupi. Eric, mwenzangu wa kazi, akasema, "Weka WhatsApp ikuwe ya kwanza, twende nyumbani." Nikaweka. Ikawaka, tangazo la msiba huu likatoka.

Kumbe ikamchukua huyo wa kwanza peke yake. Bibi ana simu ya vibonye, haina WhatsApp!

Sasa nimeiambia ichukue watumaji wote, kila mmoja apeleke. Mstari mmoja tu, na jana...

"Mutoto yangu, mi mulinisahau?" Bibi akaniuliza.

Nikamjibu rezo, mtandao wa simu, ilikuwa mbaya. Akaniombea dua.