Kahawa niliyommiminia mbunge wa Japani

Ghaith, usinicheke. Niko hospitali.

Yule mbunge mzee wa Japani, aliyekuja ofisini kwa ami Thani kuzungumza habari za mafuta yao yanayopita mlango wa bahari wa Hormuz, kaanguka mbele yangu! Kashika kifua, kaanguka!

Mimi ndiye niliyekuwa namimina kahawa. Ami alinambia mapema, "Mweleze mgeni, akitosheka atikise kikombe." Sikumweleza. Nikaona mzaha, nimtazame atafika wapi. Namimina, anainamisha kichwa, anakunywa. Namimina tena, anakunywa tena, jasho linamtoka na bado anatabasamu!

Garini, tukimkimbiza hospitali, mkalimani wake kanambia, "Kwetu mgeni hakatai anachopewa na mwenyeji."

Na kwetu mwenyeji haachi kumimina! Ghaith, nusura nimuue mtu kwa adabu.

Sasa hivi daktari kasema moyo umetulia. Nikaitwa ndani, nikajua nimekwisha. Mzee kajiinua kitandani, kainamisha kichwa, mkalimani akatafsiri: "Naomba radhi, nimekuharibia kazi yako."

Mimi ndo naombwa radhi! Mimi!

Nikamjibu, "Hapana neno, mzee wangu."

Nageuka, ami kasimama mlangoni. Kasikia yote.