Tope la Kisima Chetu

Baba yangu mpendwa,

Umelala hapa Nkoma tangu mvua za kwanza, nami nimerudi nyumbani sina kazi, baada ya kuitafuta mjini bila kupata. Kuna jambo sikukwambia ukiwa hai, na linanila.

Unakumbuka ulivyonifuata kazini maabara kwa lori la mnunuzi binafsi wa pamba, mmoja wa wale walioingia ushirika ulipolegea? Ulibeba tope la kisima chetu ndani ya kopo. Wapimaji wa madini walikuwa wametoboa mwamba juu ya kisima, ng'ombe wako watatu wakaharibu mimba, ukayaogopa maji. Nikakueleza, mimi mayu wako, binti yako msomi, kwamba urani, madini yenye mionzi, iko ya aina mbili, nyepesi na nzito, na uwiano wake katika tope ungeonyesha kama maji ya ndani ya mwamba yanaingia kisimani. Ila kwanza nipime unga wa jiwe la kulinganishia, ambalo jibu lake tunalo tayari. Mashine ikilipata hilo, ndipo tunaiamini. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Kwa hiyo mnapima mnachokijua, sisi tusiojua tunangoja?"

Tulingoja, baba. Kila asubuhi nilipima lile jiwe, na kila asubuhi mashine ilikosea, leo juu, kesho chini. Kipuri hakikuja. Serikali ilikuwa inajitoa kuiendesha maabara, wenzangu wanapunguzwa mmoja mmoja. Jina langu lilipobandikwa ukutani, nilipima tope lako hivyo hivyo. Ikatoka namba. Namba ya mashine iliyoshindwa na jiwe tunalolijua, ya kazi gani?

Nikakuandikia: "Maji ni mazuri, kunyweni."

Niliona aibu, baba. Uliuza ng'ombe ukanisomesha, halafu nikujibu sijui? Mama anasema barua ile uliitembeza kwa majirani wote, ukaacha kuhangaika na maji ya mtoni. Miaka miwili tu, figo zikakuua. Daktari hakusema ni maji, wala hakusema si maji. Hakuna atakayesema tena, maabara imefungwa na mashine imekwenda kuuzwa chuma chakavu. Nimechoka, baba. Sina hata wa kumlaumu.

Mama bado anateka pale pale kwa sababu ya barua yangu. Jana alinipokea na kata ya maji. Nilitaka kumwambia. Alikuwa ananitazama kwa furaha mno, nikanywa yote, nikamshukuru.

Leo asubuhi ameteka tena.

Kwaheri, baba.

Mayu wako, aliyekudanganya