Kupeleka Cherehani Cheptais

Jumanne 7/4/87. Kitale.
Nimekamua ng'ombe. Nimekunywa chai. Nimefunga cherehani kwa kiti ya nyuma ya pikipiki mara ya nne. Kamba ya katani, ile ya magunia ya mahindi. Imeshika. Miaka thelathini nimefunga mizigo kwa trela ya mzungu na hakuna gunia ilianguka.

Jirani yangu Simiyu anasema nipande basi. Ati mzee wa miaka sitini na nane hawezi kufika Cheptais na pikipiki. Nimemwambia basi ni ya watu hawajui injini. Atanikamulia ng'ombe mpaka nirudi.

Naenda kwa Nekesa, msichana wangu, mtoto moja tu niko naye. Aliolewa huko mlimani na Ndiwa bila kuniuliza. Niliapa mguu wangu hautafika. Cherehani ni ya mama yake, marehemu Robai. Siku ya mazishi Nekesa aliiomba, nikakataa mbele ya watu. Aliondoka bila kula. Huu mwaka wa pili hatujaongea.

Mwezi jana nilipata homa. Nililala siku tatu, hakuna mtu alifungua mlango. Ndiyo maana naenda. Nikiulizwa nitasema cherehani inajaza nyumba.

Jumatano 8/4. Ndalu.
Mvua kutoka Kiminini. Suruali iwe nje ya gamubuti, si ndani. Mimi niliingiza ndani kama mtu anaenda kukamua. Maji yote ya magoti ikaingia. Nimemwaga kama sufuria.

Kamba ikilowa inakaza. Nikafurahi. Jua likatoka, ikakauka, ikalegea, cherehani ikaanza kunipiga mgongo. Nimesimama mara tano kuifunga.

Magazeti ndani ya koti inazuia baridi kabisa. Hiyo ni akili yangu mwenyewe, hakuna mtu alinifundisha.

Nimepewa pa kulala kwa stoo ya mahindi. Watu wazuri, lakini walikula na kufunga mlango yao. Nimeongea na pikipiki kidogo.

Alhamisi 9/4. Kapsokwony.
Siku mbaya.

Kimilili wote walisema nipite chini, njia ya Chwele. Nikasema juu mlimani ni karibu. Hata sasa nasema ni karibu. Lakini si kwa mvua.

Mzigo ukikaa juu na nyuma, pikipiki ikipanda gurudumu ya mbele inakuwa nyepesi kama ya baiskeli ya mtoto. Unapinda usukani, yenyewe inaenda tu pale inataka. Halafu ule udongo mwekundu. Ukajaa ndani ya matigadi, ile bati ya kuzuia matope juu ya gurudumu, mpaka gurudumu ikakataa kuzunguka. Nilikuwa natoa kwa kijiti, mita ishirini, natoa tena.

Akina mama wa sokoni wakaweka vitunguu chini, wakanisukuma. Mmoja akasema, "Kuka, wewe shuka utembee, cherehani ipande. Si yeye ndiye mgeni?" Wakacheka sana. Kwetu kuka ni babu. Nilikasirika, nikakataa kushuka. Heri ningeshuka. Kona ya mbele kamba ikaachilia. Pikipiki huku, mimi huku, cherehani kwa jiwe. Ule mkono wa kuzungushia umevunjika. Kiuno yangu pia inauma.

Nilikaa kwa hilo jiwe. Nililia. Naandika kwa sababu hakuna mtu atasoma.

Ijumaa 10/4. Bungoma.
Nimeshuka pole pole mpaka hapa kutafuta fundi. Nimepata Wafula, kijana wa weldi, mdomo mingi. Ameangalia cherehani, ameniangalia. "Mzee, umeitoa kwa vita?" Anasema hii ni chuma ya kumimina, akichoma itapasuka zaidi. Nikamwambia nilijua chuma kabla mama yake hajaolewa. Nikamlazimisha ajaribu kwa kipande kidogo. Kikapasuka. Akaniwekea kwa mkono. Hapo alinishinda.

Ametoa matigadi ya mbele, ati kwa matope heri urushiwe usoni kuliko gurudumu ifungwe. Kamba ya katani ametupa kwa takataka. Amekata tyubu ya gari kuwa blada ndefu, amefunga mzigo chini, umegusa kiti. Blada inavutika, inarudi, haijali mvua wala jua. Nimesukuma, haitingishiki. Miaka thelathini sikujua. Sikumwambia hivyo.

Kutoka hapa kuna lami ya kunirudisha upande wa nyumbani. Nimefikiria sana. Nitapeleka cherehani imevunjika nimwambie nini? Mama yake aliitunza miaka yote, mimi nimeiharibu kwa siku tatu.

Chumba ya lojingi iko na vitanda mbili. Hiyo ingine haina mtu.

Jumamosi 11/4. Cheptais.
Nilitoka mapema ili nifike asubuhi. Kwetu baba anafika kwa mkwe asubuhi, anakula, anatoka jua likiwa juu. Kulala kwa boma ya msichana wako ni mwiko. Ukifika jioni ni kama unasema mimi nimekuja kulala, na watu watakucheka mpaka kaburini.

Pancha mbili baada ya Sirisia. Pampu nilikuwa nayo. Viraka nilikuwa navyo. Gundi ilikuwa imekauka kwa sababu sikufungua hiyo tyubu tangu ninunue. Fungua gundi nyumbani, uijaribu nyumbani. Nilisukuma pikipiki karibu masaa tatu mpaka kwa mtu wa baiskeli, akaniziba.

Nikafika kwa Nekesa jua likizama. Nilisimama kwa lango, injini inanguruma. Nikasema nitateremsha hii kitu, nirudi nilale sokoni. 

Akatoka. Amenenepa. Anafanana na mama yake mpaka nikaangalia kando. Aliona matope, aliona cherehani, aliona mkono haupo. Nikaanza kueleza barabara, kamba, jiwe. Nikasema sikai, saa imepita, yeye anajua mila. Aliniacha nimalize.

"Zima injini, Baba," akasema. "Mama alikuwa anafika jioni kuliko hii."

Sikuelewa. Nikauliza mama gani.

Akanipeleka nyuma ya shamba ya kahawa, tukavuka mtaro, tukatoka nje ya boma yao kabisa. Kuna nyumba ndogo ya udongo, mlango moja. Ndiwa aliomba jirani hiyo kipande ya ardhi akaijenga, ili mama mkwe alale karibu bila kuvunja mwiko. Robai alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka. Miaka saba.

Mimi aliniambia ni semina ya akina mama wa kanisa, Bungoma. Mimi mwenyewe nilikuwa nampeleka steji ya basi na hii pikipiki. Namwambia awasalimie. Anasema atawasalimia.

Kila mtu alijua njia ya hapa. Mimi peke yangu ndiye sikujua, na mimi ndiye dereva.

Nekesa alisema alitaka kuniandikia. Mama yake alimkataza, akasema nikiambiwa nitakataa, heri ningojewe. Alikuwa ananingojea hapa, kumbe.

Jumapili 12/4.
Nimelala kwa hiyo nyumba. Kitanda ni fupi, kilipimwa yeye. Sweta yake ya kijani iko kwa msumari. Nimetaka kumkasirikia. Sasa nigombane na nani?

Asubuhi nilifungua mlango nianike soksi. Mtoto wa pili wa Nekesa, msichana, alikuwa anapita na matawi ya kanisa. Akaona mlango uko wazi. Akakimbia akiita kukhu, kukhu, yaani nyanya. Akanikuta mimi. Akasimama.

 Nikamwambia kukhu hayuko, mimi ni wa kwake. Akafikiria. Akanipa tawi moja, akaenda.

Ndiwa amekuja kunisalimia. Amesimama mbali kwa heshima. Ameuliza barabara ya Kapsokwony ilikuwaje. Nikamwambia ukweli, hata ile ya akina mama. Amecheka kidogo, akaziba mdomo. Mikono yake ni ya mtu wa kazi. Nilisema mabaya juu yake miaka mingi bila kumwona.

Jumatatu 13/4.
Mvua. Nimepaka cheni mafuta. Sijawasha injini.

Nekesa ameuliza kama nataka uji ya wimbi au ya mahindi. Robai alikuwa ananipa tu, hakuniuliza. Nimesema sijui. Ameleta zote mbili.