Nje ya Minyaa ya Mkwe

Buseresere,
Chato.
16 Februari 2025

Mpendwa shemeji yangu Athanas,

Habari za Mtwara na joto lake? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa korosho kimetulia. Mama Mageni hajambo? Na Mageni mwenyewe bado anauchungulia ugali wa muhogo kama mtu aliyeonyeshwa nyoka, au ameshakuwa mwenyeji kabisa? Sisi huku tuko kwa kiasi chetu. Mvua imenyesha, mpunga umesimama, na mgongo wangu, huu nilioutoa mzima mzima kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ukaja kuharibikia nyumbani, siku hizi unauma upande mmoja tu. Nashukuru.

Unajua kwamba Tabu wetu alijifungua salama kule Kagongwa mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo umekuwa babu, shemeji, hata kama mvi unazipaka rangi. Dada yako Violeth alikwenda kumlea mzazi, akakaa huko mpaka siku mama yenu alipolazwa. Nalitaja mapema kwa sababu ni katika muda huo ndipo nilipoharibu.

Niache kuzunguka. Siku ile uliponipigia ukaniuliza, "Si uliniambia mama yuko kijani?" nilikujibu kwamba sikusikii, mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Nilikuwa nakusikia hata unavyopumua. Ndiyo maana nimechukua kalamu, maana kwenye karatasi siwezi kujifanya sisikii.

Kazi yangu ya kujitolea unaijua kijuujuu. Mradi ulitugawia simu sisi wahudumu wa vitongoji, tuwatembelee wazee wanaoishi peke yao na wagonjwa. Ukifika kwenye kaya, simu inatambua kwamba umefika, inakufungulia maswali: amekula nini, chooni anakwenda mwenyewe, dawa zipo. Mwishoni inakuagiza umtazame miguu, hasa mwenye sukari. Ukimaliza inatoa rangi. Kijani ni hali njema, njano ni urudi upesi, nyekundu ni ujumbe kwenda hapo hapo kwa afisa ustawi na kwa muuguzi. Ni kitu kizuri, nisikudanganye. Kuna mzee huku yuko hai kwa sababu ya nyekundu yangu. Nilitembea na ile simu kifuani kama askari mwenye nishani.

Sasa katika kaya nilizopewa kulikuwa na moja nisiyoingia. Wewe ulizaliwa humo.

Mwalimu aliyetufundisha aliuliza habari za chaji, za bando na za mvua. Habari za mkwe hakuuliza. Nami niliona haya kunyoosha mkono mbele ya watu niseme kuna mzee nisiyeruhusiwa kumtazama usoni, sembuse miguuni. Violeth alipokuwepo haikuwa taabu. Yeye aliingia, akamtazama mama yake, akatoka na majibu, mimi nikabonyeza. Alipokwenda Kagongwa nikabaki nje ya minyaa, nimeupa ua mgongo, kama mwanamume aliyelelewa vizuri, nikamwita mama kwa kilugha chetu.

"Mayu, umekula?"

"Nimekula, baba."

"Unatoka nje mwenyewe?" Ndivyo nilivyouliza habari za choo, maana neno lenyewe lilikataa kutoka.

"Natoka, baba."

"Na miguu?"

Hapo alikuwa anakawia kidogo. "Ipo, baba."

Nami nikabonyeza kwamba nimeitazama yote miwili. Simu ilijua nimefika kwake. Haikujua kwamba nimegeukia barabarani. Na wala sikuwa mjinga. Nilijua vizuri kwamba mama wa heshima hawezi kumtajia mkwewe kidonda, nikaendelea kuuliza huku nikijua hawezi kujibu, kwa sababu jibu lake lilinifaa.

Kabla ya Krismasi ukaniuliza kama uje au umalize kwanza paa la nyumba yako. Nikakurushia picha ya ile rangi pamoja na mbwembwe zangu: "Ezeka, shemeji, mama yako kijani kama mpunga wa Kagongwa." Ukacheka, ukaezeka.

Mwishoni mwa Januari Samia alikuja tutembelee kaya pamoja. Huyu ni msimamizi wetu, binti wa wale wauza vitambaa wa stendi ambao babu zao walitoka pwani. Tulipofika kwa mama nikasimama mahali pangu pa siku zote.

"Mzee Sostenes, unaogopa mbwa?"

"Mbwa hana. Ni mkwe wangu."

"Kwani mkwe anauma?"

Akaingia huku anacheka. Nikasikia hodi yake. Akaniita kwa sauti isiyokuwa na utani hata kidogo. Nikamjibu siwezi.

"Njoo, mzee. Au unataka nimbebe peke yangu?"

Mama alikuwa amekanyaga kaa la moto jikoni na hakusikia, ndivyo sukari inavyofanya. Akajifunga kwa majivu na kipande cha kanga. Harufu, shemeji, ilikuwa imeshafika mlangoni. Nikambeba mgongoni, yeye amejifunika uso, mimi nimefumba macho nisimwone. Nikajigonga kwenye mwimo wa mlango, tukayumba. Sauti ikatoka mgongoni kwangu, polepole kabisa: "Fumbua macho, baba, utatuua wote wawili."

Nikafumbua. Nimekuwa mkwe wake tangu nina meno yote, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mama yako ni mwepesi kama kapu tupu.

Hospitalini Geita walimkata vidole viwili. Daktari anasema mguu utabaki, mradi kidonda kisafishwe kila siku na sukari ishuke. Violeth alipofika kutoka Kagongwa hakunisalimia. Aliuliza, "Ulikuwa unamtazama mama, au ulikuwa unaitazama simu?" Chakula ananipakulia, maneno hapakui.

Nilikwenda mwenyewe kwa afisa ustawi, Bwana Donatus, nikamweleza kila kijani niliyoitunga, nikamwekea simu mezani. Kwenye kikao cha wahudumu nikasema tena mbele ya wote. Kwanza walicheka, si unanijua, nikisimama tu watu wanajiandaa kuchekeshwa. Walipoona sicheki wakanyamaza. Ndipo Gregory, huyu mwenye duka la mbegu, akasema kwamba naye kuna nyumba ya mkwe anaisalimia kutoka barabarani. Akafuata mwingine, na mwingine. Sasa kaya za namna hiyo wanabadilishana, na mama amepewa Samia. Ni jambo jema, lakini vidole havioti tena.

Hayo yote ungeyapata kwa dada yako. Lililonikalisha hapa kuandika ni jingine. Umempigia mama mara nyingi tangu akatwe. Violeth anampelekea simu kitandani, naye anageukia ukutani. Umedhani ni maumivu. Samia alimdodosa, akaniletea maneno yake.

Siku za mwanzo, nikitaka kumfurahisha kutoka kule nje ya minyaa, nilimwambia, "Mayu, simu hii inaona kila kitu, hata Athanas huko Mtwara anakuona." Kwangu ulikuwa utani. Yeye aliuchukua kama ulivyo. Kidonda kilipoanza, akaona hana haja ya kumtajia mkwewe: simu inaona, mwanangu anaona, atakuja. Akangoja Krismasi, akangoja mwaka mpya. Ukaja kupiga simu wakati vidole vimeshakatwa, akasema moyoni kwamba sasa ndiyo umemkumbuka. Mwanamke yule, shemeji, alikaa na mguu unaooza akiamini kwamba mwanawe wa pekee wa kiume anautazama kila mwezi na hainuki kuja.

Jana nilikwenda wodini. Nikaketi ubavuni, tusitazamane, nikamwambia hukuona chochote, na kwamba mimi ndiye niliyekuandikia kuwa yeye mzima.

"Kwa hiyo hakujua."

"Hakujua, mayu."

"Hata ile Krismasi?"

"Hata hiyo. Nilimwambia aezeke nyumba."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaacha kula ili atusikilize. Nikangoja anitukane. Angenitukana, jana usiku ningelala. Aliuliza tu kama mabati yalitosha.

Sikuweza kumjibu, kwa kuwa sijui. Utamjibu wewe. Wanasema huenda wakamruhusu juma lijalo, na anaomba uje. Simu hataki tena, hata ya Violeth. Si kwa hasira sasa. Anasema anataka akushike mkono. Nauli ikikupunguka, usione vibaya kuniambia. Nina mbuzi wawili ambao hawana kazi nyingine.

Mimi sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Njoo kwanza umwone, kisha uniamulie. Ukitaka nikae mbali na mji wenu nitakaa, ingawa itakuwa ajabu, maana kukaa mbali ndiko kulikotufikisha hapa.

Barua hii anaileta Nasibu, dereva wa lori la mchele, mtu mwaminifu ila anapenda chai. Usimwache aondoke bila kikombe. Nisalimie Mama Mageni kwa heshima zote, na Mageni, na bibi yenu Mwamvua wa mlango wa pili aliyenilisha korosho mpaka nikaumwa. Violeth anakusalimu, hilo amelisema mwenyewe. Tabu na mtoto wake wanakusalimu, mtoto bado anasalimu kwa kulia tu. Mungu akuongoze njia nzima, akufikishe mikononi mwa mama yako kabla ya jambo jingine lolote.

Na hili ndilo la mwisho. Nilipoinuka kuondoka, aliniagiza nisikuambie kwamba alilia. Shemeji, mama yako alilia. Alilia muda mrefu, kwa furaha kwamba hukujua. Kukuficha hali yake nimekoma.

Wako akupendaye, na anayeona haya kulisema,

Shemeji yako,
Sostenes