Koti la Ngongoti

Jumapili, tarehe 3 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko, na za kifua chako? Sweta niliyokutumia uivae, usiifanye mto. Mimi mzima, magoti tu yananilalamikia nikikanyaga cherehani muda mrefu. Ndiyo umri. Wewe mwenyewe ulianza kuniita bibi kabla sijafika arobaini.

Nina jambo litakalokuudhi, basi acha nilitoe mapema. Nimepewa kazi ya kushona sare za Vijana wa Nidhamu wa mtaa wetu. Nasema nimepewa kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama nataka. Msoma Mita alikuja mwenyewe na marobota ya kaki. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akizunguka nyumba hadi nyumba kusoma mita za maji, mpole hata mbwa hawakumbwekea. Sasa ndiye mkuu wao. Aliweka marobota mezani, akatazama picha ya Mtukufu ukutani, akaniambia imekaa upande. Nikapanda kiti kuinyoosha. Nilishukuru kwamba nimempa mgongo.

Najua ni wao waliochoma karakana yako hadi ukavuka mpaka. Sijasahau. Lakini wanakuja hapa mmoja mmoja kupimwa, mikono wameinyoosha pembeni, na mimi nina futi shingoni. Mtu akiwa na wenzake anapiga kelele. Akiwa peke yake mbele ya fundi anakuwa mtoto wa mtu. Nawauliza mama zao hawajambo. Nikiona anajibu vizuri, napima mara ya pili kiuno nilichokwisha pima.

Unijibu kupitia dereva yuleyule wa lori la saruji. Posta usiijaribu, bahasha zinafika zimeshafunguliwa.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 16 Februari

Dada,

Shikamoo. Kifua kinaendelea vizuri na sweta ninayo mwilini. Pole na magoti, bibi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikatoka kwenda kuzunguka soko zima bila kununua kitu. Unawashonea. Sawa, hukuwa na la kufanya. Kinachonitisha si kushona. Kinachonitisha ni huko kuuliza mama zao hawajambo.

Wale watu hawabembelezwi, dada. Mimi niliwabembeleza. Siku ile nilisimama mlangoni pa karakana, nikawakumbusha ni nani aliyewachomelea mama zao madirisha ya chuma. Walinisikiliza mpaka mwisho, wametulia kabisa, kisha mmoja akauliza petroli iko wapi. Hao ni wa kushindwa kwanza. Mazungumzo baadaye, wakiwa wameketi chini.

Hapa wenzangu wengi wanasema hivyohivyo. Tuna kile chumba chetu cha redio, tunakowatangazia mlioko nyumbani, magodoro ukutani ili sauti isivume, na kila wiki tunabishana hewani: tuwashawishi au tuwashinde. Wanaotaka kuwashawishi wanachekwa. Mimi nami huwacheka.

Kwa hiyo pima, shona, nyamaza. Una mdomo mtamu, na ndio unaoninyima usingizi.

Mdogo wako


Jumapili, tarehe 10 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Hapa wazima, ila mtaa umekuwa kimya. Watu wanasalimiana kwa nyusi.

Umeniambia ninyamaze, nimejaribu, nimeshindwa. Kuna mmoja wao tunamwita Ngongoti kwa urefu wake. Mikono ya koti haijawahi kumtosha. Nikimpima leo, kesho utadhani ameongezeka. Juzi alikuja na koti limechanika begani. Nikamuuliza nani amelichana. Akasema ni mwalimu, yule wa hesabu aliyekataa kuwapeleka wanafunzi kwenye gwaride. Nikauliza, alikuwa anakupiga?

Alipapasa pale palipochanika. Kisha akasema hapana, mwalimu alikuwa ameshikilia koti asianguke.

Nilikuwa na pini mdomoni, na nikaziacha humohumo ili nisiseme. Nikashona. Yeye akakaa kwenye kile kiti kibovu cha wateja, magoti yamemfika kidevuni, akaniangalia mpaka nikamaliza. Alipopewa koti hakulivaa. Akaniuliza kama inawezekana kulibadilisha liwe koti la kawaida, la mtu anayekwenda kazini.

Nikamwambia inawezekana, lakini si leo. Kwanza nimrefushe mikono ili asionekane kama mwenye kiherehere cha kukua. Akacheka. Mdogo wangu, tangu wamevaa hizo nguo sijamsikia hata mmoja wao akicheka hivyo. Baadaye nilifunga mlango nikalia, na sikujua kama ni furaha au ni woga. Nadhani ni woga. Sasa kuna mtu anayejua moyo wangu, na anavaa sare.

Hii ni yako peke yako. Ukishaisoma, ichome.

Dada yako


Jumapili, tarehe 24 Machi

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa yote niliyokuandikia. Magoti yanasemaje?

Ile habari ya mwalimu na koti imenikalia kifuani. Nimeichoma barua kama ulivyotaka, lakini maneno hayachomeki. Nilikuwa na hakika kwamba wale hawana ndani, wana nje tu. Sasa nalala nikimwona huyo Ngongoti kwenye kiti kibovu.

Basi Ijumaa tulipoanza ubishi wetu redioni, wakaanza kuwacheka wale wa kushawishi, sikuweza kuvumilia. Nikashika kipaza sauti. Nikasema mimi ndiye niliyechomewa karakana na nimebadilisha mawazo. Nikawasimulia. Usiogope, sikutaja mtaa wala nilikoipata habari. Nilisema tu fundi mmoja wa nguo, na kijana mmoja mrefu wa sare ambaye mikono ya koti haimtoshi. Mwoka mikate, yule aliyevunjwa taya, alitoka nje na hakuaga mtu.

Nimewashawishi kadhaa. Kwa ajili yako. Nilitaka ujue.

Mdogo wako


Jumapili, tarehe 14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu. Dereva wa saruji hajaonekana, na lori lake limeletwa na dereva mwingine asiyetazama watu. Barua hii ninayo mfukoni, nasubiri wa kumpa.

Wenzangu wanasema huko nyumbani redio yetu inasikilizwa sana, na wanaoisikiliza kuliko wote ni wao, Vijana wa Nidhamu. Walisema kama jambo la kuchekesha. Mimi nilikuwa na fimbo ya kuchomelea mkononi na nikajiunguza.

Nilisema mikono ya koti. Kwa nini nilisema mikono ya koti?

Nijibu hata mstari mmoja. Nitukane.

Mdogo wako


Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Ni matumaini yangu kifua hakikusumbui. Naandika haraka na mwandiko utauona.

Redio ilisikika. Msoma Mita aliwapanga vijana wake wote uwanjani na kuwaambia wanyooshe mikono mbele. Ngongoti alipona, nilikuwa nimeshamrefushia mikono kwa mabaki ya kaki. Aliyechukuliwa ni mwingine, koti lake lilikuwa limeruka, limesinyaa kwa kufuliwa maji ya moto. Huyo hajawahi kugeuka hata kidogo. Wanasema yuko ndani analia akimwita Mtukufu amwokoe.

Baada yake wakaanza mafundi. Wanaitwa mmoja mmoja ofisini kwao. Wa kona ya juu hajarudi.

Leo zamu yangu. Na aliyetumwa kunichukua ni Ngongoti. Aliposimama mlangoni, amevaa sare kamili na kofia, sikujua ni yupi aliyekuja, yule aliyecheka au yule aliyeshikiliwa koti na mwalimu. Mdogo wangu, sijawahi kuogopa mtu namna ile. Akafunga mlango nyuma yake. Akasema, mama, tukimbie, najua njia ya mtoni.

Nimemwambia aende yeye. Kwa magoti haya tutakamatwa wote wawili kabla ya daraja. Na yule kijana wa koti lililoruka yuko ndani kwa sababu ya midomo yetu, wako na wangu. Mtu lazima aende kusema. Nitasema mikono ile niliifupisha mimi kwa ubovu wa kazi yangu, kaki ilikuwa haitoshi. Labda watacheka. Msoma Mita sijawahi kumpima, na ana mama, namfahamu. Naondoka na futi langu shingoni.

Ngongoti ameketi kwenye kiti kibovu akinisubiri nimalize. Koti nimekwisha kulibadilisha, nimetoa nembo na vitambaa vya cheo mabegani, nimelitia bitana, kitambaa cha ndani. Barua hii naishonea ndani ya bitana hiyo. Ikikufikia, basi hatukuwa wajinga, mimi na wewe.

Usijilaumu mpaka ukaugua. Mpe chakula. Anapenda kuulizwa habari za mama yake, ila alifariki mwezi uliopita, kwa hiyo muulize taratibu.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Imefika.

Nakuandikia bila kujua nikutumie wapi. Ngongoti alinikuta kwenye karakana ninakofanyia kibarua, miguu imevimba, akavua koti akaniambia nichane bitana. Sikuwa na mkasi. Nilichana kwa meno.

Sasa amelala kitandani kwangu, miguu imening'inia nje. Amekula. Nilimuuliza habari za mama yake, taratibu, kama ulivyosema. Kukuhusu wewe, hajui chochote baada ya mlango ule. Alikuona tu ukifunga duka na kuvuka barabara, futi shingoni. Mtu aliyevuka mpaka jana anasema duka bado limefungwa.

Kuna mwenzetu mmoja hapa amemtambua. Ngongoti alikuwepo siku ya karakana yangu, dada. Si yeye aliyeuliza petroli, lakini alikuwepo. Ameniambia mwenyewe kabla hajalala, na nikatoka nje nikashika ukuta.

Wenzangu wako uani. Nawasikia. Wana nondo kutoka karakanani, nyingine nilizikata mimi mwenyewe. Wanasema nifungue nikae pembeni. Wale niliowashawishi wamo humohumo. Mwoka mikate amesimama mbele kabisa, na taya lake ndilo lililovunjwa na watu waliovaa sare hiyo. Ninaogopa, dada.

Nitafunga mlango huu kwa nje na ufunguo nitauweka mfukoni. Sitawaita wote kwa pamoja, nitamwomba mmoja anisogelee, yeye mwoka mikate. Nitaanza kwa kumuuliza mama yake hajambo.

Nijibu, dada.

Mdogo wako