Marta, Usinyoe Nywele

Kisangani, Mangobo

Kwako Marta, mutoto wa mama yangu,

Ni mimi kaka yako Yosefu Kisubi, muzee wa miaka sabini na kitu. Hiyo kitu hakuna anayeijua, maana padri aliyenibatiza alinitazama meno tu, akaandika. Nilibeba masanduku ya wazungu mpaka Tabora, nikarudi na miguu yangu mbili. Ugonjwa ya kulala ilipita kwetu ikachukua nusu ya watu, mimi ikaniacha. Mashua ilizama na mimi chini ya Kindu, nikatoka. Nimezika wake wawili. Wale tuliochoma nao matofali ya kanisa kubwa hapa wamekwisha wote, mimi ningali natafuna muhindi ya kuchoma. Donc, basi, mutu kama mimi akikuambia aliogopa, ujue si mambo ya muchezo. Ndiyo maana herufi zangu ziko hivi. Si uzee.

Uko namna gani, dada? Ile mugongo yako inakuacha ulale? Muhogo imetoka muzuri? Mimi niko muzima, magoti tu ndiyo inauma.

Bon. Neno ya kwanza, mbele ya yote: kama mutu wa mashua amekuletea habari kwamba mutoto yako Alberti amekufa huku, na najua amekuletea, usilie tena. Kama bamama wamekaa chini kwako, wainuke. Usinyoe nywele. Alberti hakufa. Sasa funga mulango, mwambie binti yako akusomee polepole, na mukimaliza, karatasi hii iingie ndani ya moto.

Mambo ya huku imeharibika, Marta. Watu walikusanyika kusikiliza maneno ya uhuru, askari wakakuja, mawe ikaruka, kisha bunduki ikaanza kulia. Walirusha na ule moshi unaochoma macho, ukaingia mpaka ndani ya masufuria. Tangu hapo askari wanapita nyumba kwa nyumba, wanatafuta vijana. Kijana mwenye kidonda, hawaulizi kidonda imetoka wapi. Wanamubeba. Wale waliobebwa sijaona mumoja akirudi.

Alberti hakurusha jiwe. Naapa kwa Bikira. Alikuwa anatoka kazini, ku gereji ya muzungu wake, anasukuma kinga yake, ile baiskeli unayoijua. Risasi ikamupita hapa juu ya bega. Akaacha kinga njiani, akakimbia kati ya nyumba, na pale nguvu ilipokwisha akaangukia ndani ya lupango, uwanja ya nyumba ya Mama Bolumbu.

Huyo Mama Bolumbu nilikuandikia habari yake zamani. Ni jirani yangu, ukuta ya miti tu katikati yetu. Yeye na bwana yake Papa Likuma ni watu wa mutoni, wa Yanonge, wavuvi, ndio tunawaita watu wa mai. Unajua vile nilikuwa nawasema. Nilisema ni watu wa maneno mingi, wanalala na nyavu kama bata, na mutu wa mai hawezi kukuambia kweli hata ukimuuliza jina ya baba yake. Na wao walikuwa wanatuita Bangwana, watoto ya Waarabu. Mama Bolumbu alikuwa akinisikia nakohoa asubuhi, anasema kwa nguvu ili nisikie, “Ule aliyefunga babu zetu kamba ameamuka.” Mimi! Na babu yetu mwenyewe alifungwa kamba! Lakini hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu miaka yote. Sikula kwao, hawakula kwangu.

Siku ile nikasikia mutu anapiga ukuta yangu.

“Papa Kisubi! Toka!”

“Nani?”

“Nani mwingine? Ni bibi wa samaki. Mutoto yako iko ndani ya nyumba yangu, damu inatoka. Askari wako avenue ya pili.”

Nikasema wamulete kwangu. Akanitazama kama mutu anatazama mbuzi.

“Kwako? Nyumba yenye kijana mumoja na muzee mumoja, watafungua hata chungu. Kuja. Vua ile kofia.”

“Kofia yangu inafanya nini?”

“Mufiwa havai kofia. Vua!”

Ile kofia nyekundu, Marta, sijaivua mbele ya mutu hata mbele ya Askofu. Nikaivua.

Nikamukuta Alberti juu ya kitanda ya Papa Likuma. Walikuwa wamejaza kidonda na majani, wamefunga kwa nguvu. Wakamufunga taya na kitambaa, pamba puani kidogo tu ili apumue, wakamupaka pemba, ule udongo mweupe, ku uso, wakamufunika. Akaniita mimi mujomba wake, “Muyomba.” Nikamwambia, “Nyamaza, umekufa.” Ilinitoka hivyo.

Mama Bolumbu akatoka inje, akaweka mikono ku kichwa, akapiga ukelele mumoja. Wewe unajua vile bamama wanafanya, lakini watu wa mutoni wanawapita. Wanalia kwanza, wanauliza kisha. Avenue muzima, kila mama akatoka kwake analia, akaingia, akakaa chini, hajui hata ni nani. Wakati nyumba ilijaa ndipo walipoambiana ku sikio kwamba maiti ni muzima. Na hakuna aliyesimama kwenda. Watu wa Isangi, watu wa Yanonge, hata wale wanaovua huku juu ku maporomoko. Nilikuwa nahesabu uso wa kila mumoja nikijiuliza: nani atatuuza?

Lakini Alberti alikuwa na homa. Nguo ilikuwa inatetemeka juu yake, mutu yeyote angeona. Ndipo mama ya Papa Likuma, kizee kile kisicho na jino, akapanda juu ya kitanda, akamulalia mwili yote, akalia, “Mujukuu yangu, mujukuu yangu.” Sasa kama kitu ilitetemeka, ni yeye.

Askari wakaingia. Wanne na sajini yao, muzungu mumoja akabaki inje ndani ya gari yao ya jipu. Mimi nilikaa chini ku mavumbi, kati ya wanaume, kama nilivyoambiwa. Mama Bolumbu alikuwa ameniambia nisiseme kitu. Sajini akasimama mbele yangu, buti yake karibu na vidole yangu.

“Muzee, nani amekufa?”

Marta, mimi si mutu wa kukaa kimya nikiulizwa. Nikasema, “Ni mutoto ya dada yangu.”

Sajini akainamisha kichwa, kama mutu amesikia harufu.

“Sema tena.”

Nikasema tena. Hapo niliona kosa yangu. Bamama wanalia kwa luga ya mutoni, na mimi nasema Kingwana ya juu, ya kwetu Kibombo.

“Wewe Mungwana,” akasema. “Na hawa ni watu wa mai. Nimekaa kambi ya hapa siku mingi, nawajua. Mungwana akikufa hawa wanakunywa pombe. Leo wanamulilia mupaka sauti inakatika? Wewe, kwenda, funua ile nguo.”

Askari mumoja akaanza kwenda ku kitanda. Unaona, Marta? Mutu wa mbali, askari tu, alijua hatupendani. Ile chuki yetu ndiyo ilikuwa inakwenda kuua mutoto yako.

Sasa Mama Bolumbu akaruka. Hakurukia askari. Alinirukia mimi! Akanikamata shati hapa ku shingo.

“Mutoto ya dada yako? Sasa ndio umejua iko na muyomba? Bokilo mubaya! Binti yangu aliolewa na huyu mutoto wenu, alikula nini kwenu? Mulifunga babu zetu kamba, mukachukua na binti, hata mbuzi ya mahari munatuonyesha mukia tu! Na leo unakuja kukaa ku mavumbi yangu, unasema mutoto ni yako?”

Bokilo ni mukwe, ndivyo wanavyosema huku. Na wewe unajua vile iko kila pahali: maiti haitoki ndani ya nyumba kabla wakwe hawajagombana juu yake. Bila ugomvi, watu wanasema huyo aliyekufa hakuwa na ndugu. Nilielewa mara moja, mimi si mujinga. Lakini nakuambia kweli, baada ya maneno mbili sikuwa tena nafanya muchezo. Miaka yote ilinipanda ku koo.

“Nyinyi mulioiba kuku yangu na kusema ni mamba!” nikasema. “Binti yenu hakujua kupika hata maji! Mutoto atakwenda kuzikwa Kibombo, kwa watu!”

“Kibombo! Kwa wachuuzi wa watu! Atazikwa Yanonge!”

“Yanonge, ndani ya matope ya kiboko?”

“Kiboko iko na adabu kupita wewe!”

Papa Likuma akaingia kati, akanisukuma. Nikamusukuma. Kijana mumoja wa kwao akanipiga kofi ya kweli, ile sikio mpaka leo inalia. Bamama wakaacha kulia, wakaanza kututenganisha na kututukana wote. Na kizee pale juu ya kitanda anapiga kelele, “Acheni mutu apumuzike!” akikaza mwili yake juu ya Alberti.

Sajini akaanza kucheka. Nilisikia kicheko kile kama mutu anasikia mvua baada ya jua ya mwezi muzima.

“Ah. Ni wakwe,” akawaambia askari wake. “Baba yangu aliharibika ndani ya nyumba siku mbili juu ya mambo kama hii.” Akamwita yule aliyekuwa karibu ya kitanda. Mukono ya huyu ilikuwa imeshika pindo ya nguo. Akaiachia. Sajini akavua chapeo yake kidogo, akatuambia, “Lakini kesho nitapita. Nataka nione kaburi.”

Papa Likuma akajibu upesi, “Sajini, huyu Mungwana ameshindwa. Tunamupeleka kwetu na mutumbwi, leo hii.”

“Basi peleka. Alors, upesi.”

Ndivyo mutoto yako alivyotoka Kisangani, Marta. Tulimufunga ndani ya mukeka, tukamubeba mpaka beach, pale mitumbwi inafungwa, jua ingali juu, askari wakisimama kila pembe ya njia. Mimi nilishika upande wa kichwa, maana bokilo anabeba. Nilisikia pumuzi yake ndani ya mukeka na nikaimba kwa sauti kubwa nyimbo ya kanisa yote ninayojua, ili wao wasisikie. Waliosema naimba vibaya ni wivu.

Papa Likuma na wapiga kafi wawili wakaondoka naye. Mama Bolumbu akanizuia kupanda. “Wewe ukae. Ukiondoka, nani anapewa pole hapa? Nani mufiwa?” Donc nimekaa. Mpaka sasa niko ndani ya lupango yao, ku mavumbi, kichwa wazi mbele ya watu. Askari wanapita kila siku, wanatazama kama matanga ingaliko, na kila nikisikia gari yao naanza kulia upya. Watu wanakuja kunipa mukono, “Pole, bokilo.” Wananipa lituma, ile ndizi ya kutwanga, na samaki. Nakula. Mama Bolumbu anasema, “Kula pole pole, mufiwa hamezi namna hiyo.”

Na hapo ndipo shida yako ilipotoka. Mutu mumoja wa kwetu, wa mashua ya Kindu, alipita, akasikia jina, akalia pamoja nasi, akakimbia kushika treni ya Ubundu. Askari walikuwa pale, singeweza kumwambia neno. Nilimwona anakwenda na kifo ya mutoto yako ndani ya kinywa, nikabaki nimefunga mudomo. Tangu siku ile silali. Nakuona wewe tu, na wembe.

Karatasi hii sikuipa posta. Mukwe ya Mama Bolumbu, mukwe wa kweli sasa, anafanya kazi ku treni, ataipa mutu wa mashua mukono kwa mukono.

Utaniuliza, Alberti iko wapi? Iko kwa watu wa Papa Likuma, chini ya Yanonge. Sijamuona. Papa Likuma hajarudi, beach imefungwa. Siku zilipita bila neno, na mimi mawazo ya zamani yakarudi: labda homa imemumaliza na hawa wananificha. Kisha leo asubuhi ngoma yao ya muti ikalia huko chini ya mutoni, wale wanatumiana maneno kwa ngoma, kijiji kwa kijiji. Mimi nasikia ko-ko-ko tu. Mama Bolumbu akaacha kusonga, akasikiliza na muiko mukononi.

“Wamefika,” akasema. “Homa imetoka. Anakula.”

“Ngoma inasema jina yake?”

“Inasema mutoto wa bokilo.”

“Pengine ni bokilo mwingine.”

“Mungwana,” akaniambia, “kuna Bangwana wangapi ku mutoni huu wanaotusumbua?” Akaendelea kusonga.

Salimia shemeji yangu, bwana yako. Salimia shangazi yetu kule ngambo, kama angali anasikia. Salimia binti yako anayesoma hii, mwambie asicheke maandiko yangu. Mwalimu wa katekismu umusalimie lakini usimwambie kitu, mudomo yake haina mulango.

Najua utasema, Yosefu ni mutu wa kujisifu, anapamba maneno. Basi mashahidi yangu ni hawa: Mama Bolumbu wa Yanonge, aliyenikamata shati. Papa Likuma, aliye pamoja na mutoto sasa. Mama yake kizee, aliyemulalia. Wote watu wa mutoni, Marta. Sina mwingine wa kukupa. Mutoto yako sijamuona na macho, niko na neno yao tu. Wewe unajua nilivyokuwa nasema juu ya neno yao. Nimeivaa tena kofia yangu leo, ndani ya nyumba, mulango imefungwa. Nawe funga nywele yako, upike, ule.

Kaka yako,
Yosefu Kisubi